Ramani Tuliyoipaka Rangi Mara Mbili

Niliajiriwa kupiga taipu, lakini taipu yenyewe sikuigusa kwa miezi mingi. Asubuhi niliyoripoti katika ofisi ya mipango ya mkoa pale Tabora, nilikuta meza zote zimefunikwa na makaratasi, mengine yamefungwa kwa kamba ya katani, mengine yamelundikwa sakafuni hadi usawa wa dirisha. Sensa ilikuwa imepita kitambo kidogo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeshasimama, watu wamehamia kwenye mistari ya nyumba mpya, na mkuu wa ofisi yetu, kijana aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam ambaye kila mtu alimwita Bwana Mipango, alikuwa na jambo lililomnyima utulivu.

Mkoa ulikuwa umeahidiwa kisima kirefu, pampu na mabomba ya kutosha mahali pamoja tu. Habari zilivuja kabla hata barua rasmi haijafika. Matawi ya chama, shule, wenyeviti wa vijiji, wote waliandika kuomba, na kila mmoja aliapa kwamba hakuna penye dhiki kama kwake. Bwana Mipango alitusomea baadhi ya maombi hayo kwa sauti, kisha akayaweka chini.

"Wote hawawezi kuwa wa mwisho," alisema. "Tutapima."

Neno hilo lilinishika. Nilikuwa nimesoma hesabu shuleni na kuzipenda, lakini kwangu hesabu zilikuwa mambo ya pembetatu na ya matangi yanayojaa na kuvuja. Sikujua kwamba unaweza kuchukua mtaa mzima, na watu wake na moshi wa majiko yao, ukaupima kama muuguzi anavyopima homa ya mtoto.

Tulikuwa wawili tuliopewa kazi hiyo. Mwenzangu alikuwa binti wa mtaa wa Gongoni, wa moja ya zile familia za asili ya Omani ambazo babu zao walifika Tabora na misafara wakati mji huu ulikuwa njia panda ya kwenda Ujiji na kwenda ziwani kaskazini. Alikuja kazini na buibui lake, akalitundika nyuma ya mlango, akakunja mikono ya gauni na kuanza kazi kama mtu anayekanda unga. Kabla ya saa sita tulikuwa tumeshaanza kuitana shoga.

Sensa ilitupa watu: wangapi, umri gani, nani amesoma, nani anafanya kazi gani. Bwana Mipango mwenyewe alikuwa ameomba makarani wa sensa, baada ya kuhesabu watu, warudi katika maeneo kadhaa na kuuliza habari za nyumba. Paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, vyumba vingapi, kuna baiskeli, kuna redio. Sasa kazi yetu ilikuwa kuyaunganisha yote hayo yawe alama moja kwa kila eneo, ili tuweze kusema hapa pana nafuu na pale pana shida.

Ndipo tulipoanza kubishana, na sijawahi kufurahia ubishi kama ule. Redio ina uzito gani? Mwenzangu alisema redio ni kitu cha anasa. Nilimwambia redio ndiyo inayoleta bei ya mazao na mawaidha ya mama na mtoto. Je, redio isiyo na betri ni redio? Baiskeli inayotumika kubebea mkaa na ile ya mwalimu ya kwendea sokoni zina alama sawa? Bwana Mipango alituacha tuchoke, kisha akatuonyesha njia. Alitwambia tuache kukisia, tutazame ni vitu gani vinavyotembea pamoja. Penye sakafu ya saruji, je, huwa pana mtu anayejua kusoma? Penye bati, je, watoto huwa wako shuleni? Vitu vinavyoandamana tuvipe uzito, vile visivyoandamana na chochote tuviache pembeni.

Tukaanza. Tulikuwa na mashine ya kuhesabia yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, na mlio wake ulifika hadi nje. Mmoja anasoma, mwingine anazungusha. Ilipotokea mara ya kwanza kwamba safu mbili za tarakimu zimepanda na kushuka pamoja, elimu ya mama na watoto walio shuleni, nilisimama juu ya kiti. Hakuna aliyenikataza. Mwenzangu alikuwa naye amesimama. Tulihisi kwamba nyuma ya makaratasi yale kuna kitu kinachopumua, na sisi ndio wa kwanza kukisikia.

Penseli za rangi tulizipata kwa shida, kwa kuwa maduka yalikuwa yameanza kukauka bidhaa. Mwenye duka mmoja Mhindi, mzee mpole aliyeuza vitabu na daftari, alitufungulia boksi la wajukuu wake. Akataka kujua ni za nini. Tulipomweleza, akauliza kama mtaa wake umeshapakwa, na ni rangi gani. Tulimwambia bado. Kila tulipopita baada ya siku hiyo alituuliza tena.

Ramani ya kwanza ilipokamilika tuliibandika ukutani. Kijani kilikuwa cha maeneo yenye nafuu, kisha manjano, na nyekundu kwa yale yaliyobanwa zaidi. Gongoni ilitoka na kijani chake, mwenzangu akaona haya kidogo. Kijiji cha Goweko, kule kwenye reli, kilitoka manjano nzuri kwa sababu ya mapaa yake mengi ya bati. Na mtaa wetu wa Mtendeni, sehemu ile ya kwetu, ulikuwa mwekundu. Watu wengi katika chumba kimoja, sakafu za udongo, na bomba moja la mbali ambalo siku nyingi lilitoa hewa tu. Katika maeneo yote tuliyokuwa na habari zake, sisi tulikuwa wa chini kabisa.

Nilikimbia nyumbani. Sitanii, nilikimbia kweli, viatu mkononi.

Mama alikuwa barazani anapepeta mchele wa vitumbua. Baba alifariki nikiwa mdogo, na vitumbua ndivyo vilivyonisomesha. Nilimwambia kwa pupa kwamba tumepima, na kwamba sisi ndio wa mwisho. Niliona uso wake unabadilika. Aliweka ungo chini akaniuliza nani amemwambia mtu yeyote kwamba yeye ni wa mwisho. Amewahi kulala bila kula? Amewahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi? Nimepelekwa shule ili nije kumwandika nyekundu ukutani kwa watu?

Nilijaribu kumweleza kwamba si yeye, ni eneo, ni wastani, lakini nikaona maneno yangu yanazidi kuharibu. Basi nikamwambia kuhusu kisima na mabomba. Akachukua ungo tena, akapepeta kidogo.

"Bomba litakaa wapi?" aliuliza.

Kufika kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama jirani mwenye sauti kubwa, aliwakusanya watu wakafyeka vichaka kwenye uwanja mdogo kando ya msikiti, wakapanga mawe mahali ambapo maji yangetoka. Nilipopita watoto waliniamkia kwa heshima ambayo sikuizoea. Mama hakusema tena habari ya nyekundu. Alikuwa anasema bomba letu.

Lakini Bwana Mipango alikuwa na kanuni. Hakutaka kupeleka rangi yoyote kwenye kikao cha mkoa kabla hatujaiona kwa macho. Maeneo ya mjini tulikuwa tumeyapita kwa miguu. Yaliyobaki ni ya nje, na la kwanza kwenye orodha likawa Goweko. Mimi na mwenzangu tukapanda treni ya asubuhi, na chakula chetu kwenye kikapu. Kwa mwenzangu ilikuwa mara ya kwanza kusafiri bila kaka yake, naye alikaa dirishani njia nzima, akiuliza jina la kila mti.

Goweko ilitupokea vizuri. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa shambani, basi tukakabidhiwa kwa mama mmoja wa makamo, mkulima wa tumbaku, ambaye nyumba yake ilikuwa mwanzo wa mstari. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatutania kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," ili aone kama watoto wa mjini tunajua kuitikia. Mimi niliitikia. Mwenzangu akaitikia pia, kwa matamshi yaliyomchekesha yule mama hadi akashika kiuno.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza maswali mvua iliponyesha. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika yote kwa pamoja. Tulikuwa ndani ya nyumba yake, na mara maji yakaanza kutiririka kutoka juu, hapa, pale, kisha kwenye karatasi zangu. Nilitazama juu nikaona nyasi. Yule mama alikuwa ameshanyakua mkeka na blanketi za watoto.

"Twendeni kwenye bani," alisema. "Huku tutalowa wote."

Tukakimbia kuvuka uwanja. Bani ni lile jengo refu la kukaushia tumbaku, na lake lilijengwa kwa udongo mzuri uliosawazishwa, lina mlango wa mbao na tanuri ubavuni. Ndani mlikuwa na joto na giza, majani ya tumbaku yamening'inia kwenye vijiti hadi juu, na harufu nzito iliyotia machozi. Watoto wake walikuwa wameshafika kabla yetu, wamejibanza karibu na ukuta wenye joto. Hawakuwa na wasiwasi wowote. Ilionekana wazi kwamba ndivyo wanavyofanya kila mvua ikinyesha. Na juu yetu mvua ilipiga kelele kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti ili kusikilizana.

Ilikuwa inapiga bati.

Mwenzangu alinitazama. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hilo hilo. Nilimuuliza yule mama bati limetoka wapi. Akasema chama cha ushirika kiliwakopesha wakulima bati la mabani. Nikamuuliza kwa nini hakubakiza hata vipande vichache kwa ajili ya nyumba. Alinitazama kama ninavyotazamwa na mama yangu nikiuliza jambo la kitoto.

"Bati limekuja na tumbaku, mwanangu. Tumbaku ikilowa, mwaka umekwisha. Sisi tukilowa, tunakauka."

Nilimuuliza tena, yule karani aliyekuja kuuliza habari za nyumba alikaa wapi siku ile. Akaonyesha nje, ukutani. Lilikuwa jua kali, alisema, wakampa kigoda kwenye kivuli cha bani, akaandika hapo hapo bila kuingia nyumbani, na kwenda zake.

Mvua ilipopungua hatukungoja ikatike. Tulivua viatu tukapita mstari mzima wa nyumba, kutoka moja hadi nyingine, katika matope yaliyofika kwenye vifundo. Kila mahali tulitazama juu kwanza. Nyasi. Nyasi. Bani la bati, nyumba ya nyasi. Mwenzangu, aliyekuwa ameogopa kukanyaga dimbwi asubuhi ile, sasa alikuwa ananiita kutoka uwanja wa jirani kwa sauti ya mwuza samaki. Tuliuliza pia maji yanatoka wapi, na wanawake wakatupeleka kuona. Ni mbali, huko mbugani, wanachimba mchangani kwa mikono na kungoja maji yajikusanye. Kiangazi mtu huondoka kabla ya alfajiri na kurudi jua limeshapanda, na mabinti wanaokwenda huko hawaonekani darasani hadi kipindi cha kwanza kimepita.

Kwenye treni ya kurudi tulikuwa tumelowa, tunanuka tumbaku, na hatukuweza kunyamaza. Tuliongea wote wawili kwa wakati mmoja. Yale tuliyokuwa tukiyazungusha kwenye mashine kwa miezi yote ile yalikuwa yamesimama mbele yetu, na tulikuwa tumeyakamata yakiwa yamekosea. Kisha mwenzangu akanigusa mkono.

"Shoga," alisema, "Goweko ikishuka, kwenu kutapanda."

Nilimwambia najua. Nilikuwa nimejua tangu mle ndani ya bani. Ajabu ni kwamba hata wakati huo, nikifikiria mawe yale yaliyopangwa kando ya msikiti na uso wa mama, furaha yangu haikuondoka. Ilikaa hapo hapo na huzuni, zote mbili kwa pamoja, kama abiria wawili kwenye benchi moja.

Bwana Mipango alitusikiliza hadi mwisho bila kukaa chini. Alisema tu, turudie yote. Siku zilizofuata alitupa gari na makarani wawili, tukapita na vijiji vingine vya tumbaku, tukasahihisha mapaa, tukaongeza mwendo wa kwenda majini kwenye kipimo chetu, tukazungusha mpini upya. Ramani ya pili haikufanana na ya kwanza. Goweko ikawa nyekundu iliyokoza. Mtendeni ikasogea hatua moja juu.

Mama nilimwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Alikuwa anakaanga. Aligeuza vitumbua vyote vilivyokuwa kwenye chuma, kimoja kimoja, ndipo akauliza, "Ungenyamaza, nani angejua?"

Nilimjibu kwamba wanaojua ni wengi, ni wale wanaochimba mchanga kila alfajiri. Alinisusa. Kwa siku kadhaa chakula changu nilikikuta kimefunikwa kawa, na yeye ameshaingia chumbani. Balozi wa nyumba kumi naye alinipita bila kuniitikia. Hayo yaliniumiza, lakini kila asubuhi nilipofungua mlango wa ofisi na kuiona ile ramani, nilichangamka tena.

Kikao cha mkoa kilikuwa kirefu. Tuliruhusiwa kuingia, mimi na mwenzangu, kushika ramani pande mbili ili ionekane. Mzee mmoja wa chama alisimama na kulalamika. Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema nchi hii imetangaza usawa, iweje vijana wa serikali wawapange wananchi juu na chini kwa rangi, kama vile wakoloni walivyotupanga. Watu wengine waliitikia. Nilimwona Bwana Mipango akivua miwani.

"Mzee wangu," alisema, "kama hatupimi, tutajuaje usawa umefika wapi na wapi haujafika?"

Kisha, bila kunitayarisha, akaniambia nieleze nilichokiona. Sikuwahi kuongea mbele ya watu wengi. Nilisimama nikasimulia mvua, nyumba inayovuja, na watoto waliojibanza chini ya tumbaku. Nilisema pia, kwa sababu niliona ni haki wajue, kwamba mimi ni mtu wa Mtendeni na kwamba ramani ya kwanza ilitupa sisi maji. Yule mzee wa chama aliniuliza ni kweli watoto wanalala kwenye bani. Nikasema siku za mvua, ndiyo. Akakaa. Baadaye kidogo ndiye aliyeomba Goweko ipitishwe.

Wachimbaji walikwenda baada ya mavuno. Siku ya kufungua maji nilipata ruhusa ya kwenda, na asubuhi, nikiwa navaa, nilimkuta mama barazani amejitanda kanga mpya, na debe tupu kando yake. Nilimuuliza anakwenda wapi. Alisema anataka kuwaona hao watu waliomchukulia bomba lake.

Kule Goweko nilimtambulisha kwa mwenyeji wetu wa siku ile ya mvua. Walisalimiana, wakaulizana za nyumbani, za watoto, za mvua, kwa Kinyamwezi ambacho mama alikuwa hakitumii mjini, na baada ya muda sikuhitajika tena. Niliwaona wakienda pamoja kulitazama bani.

Pampu ilipowashwa yalitoka kwanza matope, kisha hewa, kisha matope tena, na wanawake waliokuwa wamezunguka wakaanza kuguna. Halafu yakaja maji. Yalikuja kwa nguvu, yakapiga saruji na kuruka, na kigelegele cha kwanza nilichokisikia kilitoka kwa mwenzangu wa Gongoni, buibui lake limelowa mpaka mabegani. Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Bwana Mipango alikuwa amesimama nyuma ya wote, amejisahau, anapiga makofi peke yake kama mtoto.

Mama alikinga kiganja, akaonja. Alisema yana chumvi kidogo. Kisha akaungana na foleni, zamu yake ilipofika akajaza debe lake hadi juu, na yule mama wa bani akamtengenezea kata ya majani ya kuweka kichwani.

Mtendeni tulipata bomba letu baadaye, katika mgao mwingine, kando ya msikiti pale pale, na balozi akaanza tena kunisalimu. Lakini jioni ile kwenye stesheni ya Goweko hatukujua hilo. Mkaguzi wa tiketi alilitazama lile debe likimwagikia sakafu ya behewa, akamuuliza mama ni vipi mtu anatoa maji kijijini kuyapeleka mjini.

"Haya ni yangu," mama alisema, akalisogeza katikati ya miguu yake ili lisimwagike zaidi.

Mkaguzi akanitazama mimi. Nikamkabidhi tiketi zetu, na treni ikaondoka.